Salamu za Baba, Bunduki Mkononi

Damu ya sinema inanuka mnanaa. Najua wengi wenu hamjapata kuinusa, basi niaminini mimi niliyekua nayo nyumbani: ni sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu, na mnanaa kidogo ili mwigizaji asitapike anapoitema. Juzi nilifungua pakiti ya peremende dukani hapa Weston, mtaa wetu wa Toronto, harufu ile ikanipiga puani, na papo hapo nikawa na miaka tisa tena, nimeshika shati la Baba lenye matundu matatu ya risasi kifuani.

Siku zile Baba alikuwa bado mwigizaji mdogo, wa kuambiwa aje na nguo zake mwenyewe, na mfuaji alikuwa Mama. Alifua kwa hasira. "Hii ya uongo inataka maji ya moto," aliniambia. "Ile ya kweli ni maji baridi na chumvi." Nikamwuliza alijuaje. Akanisukumia kola ya shati na kusema, "Sugua hapo, acha maswali."

Baba yangu, Yona, alikuwa mwimbaji wa soul, ule muziki wa Wamarekani weusi. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu watu wa hapa walimjua kama muuaji. Kwetu Uvira, Kongo, kabla mimi sijazaliwa, yeye na mdogo wake Elia walikuwa wakipiga kwenye mabaa na harusi, Elia gitaa, Baba sauti. Na ilikuwa sauti kweli, jamani! Ilianzia chini tumboni ikapanda polepole, na ikifika juu wanawake waliweka chupa zao mezani. Alipofika Toronto, Kanada, alikuta kazi ya kupakia mizigo ghalani kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, na jioni za Ijumaa aliimba kwenye mkahawa mmoja mtaani kwetu. Alirekodi hata santuri moja, nyimbo tisa. Mchungaji wetu aliisikiliza yote, akasema haifai kuuzwa kanisani kwa kuwa ndani yake Mungu hatajwi hata mara moja. Baadaye tukaja kujua kwamba mke wa mchungaji anazo mbili.

Bwana mmoja wa sinema alimwona pale mkahawani akaja kumpa mkono. Baba alidhani amependa sauti. Wapi! Alipenda kovu. Baba alikuwa na kovu kwenye paji la uso, refu kama kidole, ambalo sisi tuliambiwa ni la kuanguka na baiskeli. Kovu hilo, kifua kile, na weusi ule: kazi ilikuwa imepata mtu. Kuanzia hapo akawa mlinzi wa gereza, mwasi, muuza dawa za kulevya, mwasi, mlinzi wa rais dikteta, halafu mwasi tena. Aliua watu kwa risasi, kwa panga, kwa kamba, na mara moja kwa sufuria. Naye aliuawa mara nyingi mno. Tulifanya mazoezi sebuleni, mimi nilimpiga risasi kwa mwiko, yeye akaanguka juu ya kochi, nami nikamkosoa: "Hapana, Baba, umekufa haraka."

Nilikuwa mtoto wa ngumi, nisiwafiche. Kijana mmoja darasani alisema baba yangu ni mtu wa kufa tu, hajui kazi nyingine. Nilimtoa jino. Lilikuwa jino la utoto, lingetoka lenyewe hata bila mimi, lakini hakuna aliyetaka kulisikia hilo siku niliyopelekwa ofisini na kola yangu ina damu ya mtu.

Sasa niwaambie siri ya filamu zile. Waongozaji walikuwa na tabia moja. Ikifika mahali ambapo mwasi anatakiwa kufoka, walimwambia Baba aseme chochote kwa lugha ya kwao, wao wataandika tafsiri chini baadaye. Chochote! Hakuna aliyemwuliza amesema nini. Mara ya kwanza Baba alikuwa akimpiga mzungu mmoja kitako cha bunduki, damu ya mnanaa inaruka, na mdomoni mwake, kwa ghadhabu ya kutisha, alikuwa akinguruma: "Mama! Nimeshakula! Huku kuna baridi lakini nina koti zuri! Usiwe na wasiwasi!" Maandishi chini yalisema: Almasi ziko wapi, mbwa wewe?

Filamu ile ilifika Uvira kwa njia inayojulikana, yaani kwa kijana wa kibanda cha video asiyeuliza vitu vinatoka wapi. Nyanya, mama yake Baba, alikaa benchi la mbele. Wanasema ukumbi mzima ulivunjika kwa kicheko, na Nyanya alilia kwa furaha akaomba irudishwe. Basi ikawa ndiyo desturi. Kila filamu Baba alituma habari. Akimnyonga mtu alisema mimi nimefaulu mtihani. Akichoma nyumba alisema Mama amepona mgongo. Alipopigwa risasi mtoni, maji hadi shingoni, alimwambia Nyanya kwa pumzi yake ya mwisho asisahau dawa ya presha. Sisi tulitazama tukacheka mpaka machozi, huku majirani zetu wazungu wakituona watu wa ajabu sana.

Simu nazo zilikuwepo, kila Jumapili. Nyanya alikuwa na kisimu cha tochi, cha sauti tu, na kila Jumapili, akishamaliza na Baba, aliuliza, "Elia yupo?" Baba alisema subiri, akaingia bafuni na simu, akafunga mlango. Humo ndani tulisikia sauti nyingine: nyembamba, ya puani kidogo, yenye cheko mwishoni. "Mama wee! Kazi nzuri. Naam, bado niko Malton, zamu za usiku, ndiyo maana hunipati." Kisha Baba alitoka peke yake, amelowa jasho.

Hilo mimi halikunisumbua. Niliambiwa kwamba Baba Mdogo Elia alibaki njiani, nami nilielewa yuko kwenye kambi fulani Tanzania, anangoja karatasi, na Baba anamtuliza tu Nyanya mpaka Elia atakapofika. Nilimtengea hata droo kwenye kabati langu. Mara nyingine nilizungumza naye mlangoni mwa bafu, nikimwuliza kwa Kiingereza anakuja lini, kwa maana siku zile nilisikia kila neno la Kiswahili lakini kujibu nilijibu kwa Kiingereza. Sauti ile ilinijibu kwamba atakuja theluji ikiyeyuka.

Nilipofika miaka kumi na miwili Baba alipata filamu kubwa. Alikuwa kamanda, mtu wa tatu kwa ukubwa katika hadithi nzima, na mwongozaji alimpa dakika nzima peke yake: kamanda amesimama juu ya gari, wanakijiji wamepiga magoti, naye anahutubia kabla ya kuwachinja. Dakika nzima, sema chochote, alimradi iwe na hasira. Siku waliyoipiga alirudi nyumbani mkono umefungwa bandeji. Alituambia mwigizaji mwenzake amevunjika jino, kwamba hakusikia walipomwambia inatosha, na kwamba baada ya hapo wote walimpigia makofi. Hakula. Siku zilizofuata hata mkahawani aliimba vibaya.

Filamu ilipotoka, Mama alikataa kwenda. "Nimeona za kutosha bila tiketi," alisema. Kwa hiyo tulikwenda mimi na Baba, Jumamosi mchana, kwa basi. Kwa umri wangu sikupaswa kuingia. Baba alimwambia mkata tiketi kwamba muuaji mwenyewe ni yeye, hakuna kitakachonitisha, wakacheka, tukapita. Nikanunuliwa bisi. Nilijiona malkia.

Halafu kamanda akapanda juu ya gari. Sura ya Baba ilijaa ukuta mzima, kovu lake refu kunishinda mimi, panga hewani.

"Mama," alianza, nami nikaanza kucheka kabla ya wakati. Maandishi chini yalisema: Wasaliti nyinyi.

"Mama, Elia hayuko Malton. Elia hajafika huku hata siku moja."

Ardhi hii ni ya babu zetu, yakasema maandishi.

"Wenye bunduki walitusimamisha bariyerini, barabara ya kwenda Baraka. Waliona gitaa. Wakauliza nani anaimba, nikasema mimi. Wakasema imba. Elia walimpiga kwa gitaa lake mwenyewe, likavunjika, wakaendelea na shingo ya gitaa. Nami naimba, Mama. Nilitaka kunyamaza, mmoja akanipasua hapa pajini, nikaendelea. Kovu hili si la baiskeli. Niliimba mpaka Elia akaacha kutikisika. Wakaniambia nenda, nikaenda. Sikugeuka. Sikumzika. Sauti unayozungumza nayo Jumapili ni yangu, Mama. Ni mimi."

Chomeni kijiji chote, asibaki mtu.

Kisha panga likashuka. Lilishuka mara nyingi, na Baba alikuwa analia, na damu ilimrukia usoni, na mwanamke aliyeketi kulia kwangu alitia bisi kinywani akatafuna. Watu mia mbili mle ndani na hakuna aliyesikia kitu. Nilimtazama Baba pembeni yangu. Alikuwa hatazami filamu. Alikuwa ananitazama mimi.

Tulitoka kabla haijaisha. Nje, kwenye maegesho ya magari, theluji ilikuwa chafu na nyeusi. Nami, ndugu zangu, nilimpiga baba yangu. Sitalipamba. Nilimpiga tumboni, nikampiga kifuani, nikaruka nikampiga usoni, mdomo wake ukapasuka, na ile haikunuka mnanaa. Nilimfokea kwa Kiswahili, Kiswahili changu cha kwanza cha sauti kubwa maishani: "Muongo! Muongo wewe! Ulisema alibaki njiani!"

"Ndiyo, alibaki," alisema.

"Ulimwacha! Ulikuwa unaimba!"

Hakujikinga. Mikono yake, iliyoua watu wote wale, ilining'inia tu. "Piga, Sifa," aliniambia. "Piga, mwanangu." Watu wawili walisimama kututazama, mmoja akatoa simu, ndipo Baba akanibeba begani kama gunia nikiwa bado napiga teke, akakimbilia basi.

Nyumbani Mama aliona mdomo wake, akaniona mimi, akajua. Yeye alijua siku zote kwamba Elia amekufa. Asichojua ni kwamba Baba ameisema mbele ya kamera. Alipoelewa, alirusha sufuria ukutani. "Baba Sifa, una akili? Ile filamu itafika Uvira! Mama yako ana presha! Utamuua, na kabla hajafa atakulaani, na laana yake itatukalia sote na huyu mtoto!"

"Nilishindwa kwa simu," Baba alisema. "Nilijaribu miaka tisa. Nikishika simu linatoka lile cheko la Elia."

Mama alimpa simu ampigie kijana wa kibanda cha video amkataze. Baba alibonyeza namba, ikaita, kijana akasema haloo, haloo, na Baba akakata. Hilo ndilo lililotukalia kooni majuma yale yote: mama yake akisikia, je, atabaki kuwa mama yake? Kwetu mtu anaweza kuishi bila kazi na bila nchi, lakini mama akikunyima radhi unakwenda wapi? Baba aliacha kuimba Ijumaa. Jumapili mbili Nyanya hakupatikana. Ya tatu vilevile. Mimi sikuzungumza na Baba hata neno moja, na usoni mwake kulikuwa na alama ya ngumi yangu ambayo niliionea fahari na kuionea haya kwa wakati mmoja.

Jumapili ya nne, tumetoka kanisani, Mama anakaanga ndizi, simu ikalia mara moja ikakatika. Nyanya alikuwa anabipu. Baba alimwambia Mama, "Piga wewe."

"Mama ni wako," Mama alijibu, akazima jiko.

Baba alibonyeza namba, akaiweka simu mezani kwa kipaza sauti.

"Yona," Nyanya alisema.

"Naam, Mama."

"Nimeiona. Mara tatu. Yule kijana alinirudishia pale pale."

"Mama, mimi..."

"Nyamaza kwanza. Nipe Elia."

Baba alimtazama Mama. Nilidhani Mama atakata simu. Mama akanong'ona, "Mpe."

Baba alikohoa. Ikaja ile sauti nyembamba ya puani, bila cheko safari hii. "Ni mimi, Mama."

"Elia, mwanangu. Iliuma?"

"Mwanzoni, Mama. Baadaye sikusikia tena."

"Ulimsikia ndugu yako akiimba?"

Baba alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Nilimsikia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Hakunyamaza."

"Basi hukuwa peke yako," Nyanya alisema, na hapo sauti yake ikakatika, tukasikia kuku wa Uvira na mtu anasukuma mkokoteni. Aliporudi aliuliza, "Una neno na ndugu yako?"

Sijawahi kuona mwigizaji akitafuta neno kama alivyolitafuta Baba. Mishipa ilimsimama shingoni. Nyanya kule alingoja, hakumsaidia hata kidogo.

"Sina neno naye, Mama."

"Mtaje jina."

"Sina neno na Yona."

"Mimi pia sina. Haya, lala, mwanangu. Sasa nirudishie Yona."

Lakini Yona hakuweza kurudi. Alipiga meza kwa ngumi mpaka sahani ya ndizi ikapasuka, akapiga tena juu ya vipande, mkono ukachanika, akaanguka magotini akalia kwa sauti ambayo hakuna mwongozaji aliyewahi kuipata kwake. Nyanya alikuwa akisema tu, "Nipo. Nakusikia. Nipo." Mama aliuchukua ule mkono akauingiza kwenye maji baridi.

Mimi nilimwambia Mama, kwa Kiingereza, kwamba Nyanya amezeeka amechanganyikiwa, anadhani Elia yu hai. Mama alinizaba kofi kwa mkono wake mwingine uliolowa. Sikuelewa kosa langu. Kwa miaka mingi niliendelea kusimulia kisa hiki hivyo: bikizee aliyepotewa na akili, na baba yangu mwigizaji aliyemdanganya mara ya mwisho kwa huruma.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda Uvira. Nyanya amekuwa mdogo, anabebeka, ila ulimi uko pale pale. Alinitazama kichwani mpaka miguuni akauliza kama Toronto hakuna chakula. Siku moja tunachambua maharage nikamwuliza aligundua lini. Alinicheka.

"Jumapili ya kwanza kabisa," alisema. "Elia hakuwahi kunisalimia bila kuomba kitu, tangu mdogo. Yule wa kwenye simu hakuomba hata sabuni."

Nikapandwa na hasira, mnanijua sasa. Miaka tisa! Nikamwambia Baba alikuwa akitoka bafuni amelowa jasho, kwa nini basi kila Jumapili alimwita Elia?

"Ningemwambia najua, angefunga mdomo moja kwa moja, na mimi nilitaka aniambie mwenyewe," alisema. "Nilimwita Elia nikidhani labda safari hii Yona atachoka."

Ndipo nikaelewa ni nani aliyekuwa akimlinda nani, na kwamba ile Jumapili ya ndizi hakuna mtu aliyekuwa na akili timamu katika simu ile kumshinda yeye. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwuliza kama aliwahi kumwekea Elia matanga.

"Kabla ya filamu ningewekaje? Watu wangempigia Yona simu ya pole." Aliokota jiwe kwenye maharage akalitupa. "Niliweka kesho yake, baada ya kuzungumza nanyi. Walikuja wengi. Wakaondoka wananiteta kwamba mama huyu ana moyo mkavu, mtoto amekufa na hatoi chozi."